Gesi ya Aktiki: baridi waliiweza, kinachowashinda ni njia ya kuitoa

Mpimaji (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kwenye uzi wa mradi wetu wa LNG (gesi iliyopozwa hadi ikawa kimiminika) wa Lindi juzi kuna mdau aliuliza: "Kama Mrusi anachimba gesi kwenye barafu, sisi kwenye maji ya uvuguvugu tunashindwa nini?" Akapigiwa makofi, kisha uzi ukaishia kwenye matusi ya siasa. Nataka tulirudie lile swali taratibu, tena kwa kuanzia huko huko kwenye barafu. Wanachimbaje? Na je, wamefanikiwa kweli?

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kubisha ajue pa kuanzia. Uhandisi waliumudu kuliko wengi tunavyodhani. Kilichowaumiza, na kinaendelea kuwaumiza hadi leo, ni kuifikisha ile gesi kwa mnunuzi.

Mwaka 2008 taasisi ya jiolojia ya Marekani, USGS, ilikadiria kwamba kaskazini ya Mzingo wa Aktiki kuna kama asilimia 30 ya gesi yote duniani ambayo haijagunduliwa bado, sehemu kubwa ikiwa upande wa Urusi. Magazeti yalishangilia sana. Lakini gesi iliyokwisha gunduliwa kule ilikuwa tele tayari, na ilikuwa imelala tu. Bovanenkovo, eneo kubwa la gesi kuliko yote kwenye rasi ya Yamal, kaskazini mwa Urusi, lina mita za ujazo trilioni 4.9. Liligunduliwa 1971. Gesi ikaanza kutoka Oktoba 2012. Piga hesabu mwenyewe. Tambey Kusini, ambayo ndiyo inalisha mtambo wa Yamal LNG, iligunduliwa 1974, mwaka uleule gesi ya Songo Songo ilipopatikana. Yetu ilifika Ubungo 2004. Yao ilipakiwa melini kwa mara ya kwanza Desemba 2017. Kwa hiyo wale wanaosema kuchelewa ni ugonjwa wa Waafrika, waanze kwanza na hapo.

Sasa hiyo baridi. Udongo wa Yamal umeganda mwaka mzima, kwenda chini mamia ya mita. Juu yake kuna tabaka jembamba linaloyeyuka kiangazi na kugeuka tope. Ukijenga jengo lenye joto moja kwa moja juu ya udongo ule, joto linashuka, udongo unalegea, jengo linazama upande mmoja. Dawa yao ni kusimamisha kila kitu juu ya nguzo na kuacha upepo upite chini. Pembeni ya nguzo wanazamisha mabomba membamba yaliyozibwa pande zote, ndani mna amonia au kaboni dayoksaidi. Majira ya baridi kimiminika kilicho chini kinachukua joto kidogo la udongo, kinageuka mvuke, kinapanda, kinapigwa na upepo wa juu, kinarudi chini kikiwa kimiminika tena. Hakuna pampu wala umeme. Kiangazi, kwa kuwa juu kuna joto kuliko chini, mzunguko unasimama wenyewe. Kwa maneno mengine, wanautia udongo akiba ya baridi ili uvuke miezi ya joto bila kulegea. Ukiona picha za Sabetta, bandari ulipo mtambo wa Yamal LNG, vile vijiti vingi vyenye mapezi vilivyosimama kandokando ya majengo ndivyo hivyo.

Gesi nayo hutoka ardhini ikiwa na joto. Ukiizika bombani hivyohivyo, bomba litayeyusha mtaro wake lenyewe. Pale Bovanenkovo wanaipoza kwanza hadi nyuzi 2 chini ya sifuri ndipo wanaisukuma kuelekea Ukhta, zaidi ya kilomita 1,000, kipande kimoja kikipita chini ya ghuba ya Baydarata. Na ili kufikisha vifaa huko walijenga reli ya kilomita 525 kutoka Obskaya, yenye daraja la karibu kilomita 4 kuvuka bonde la mto Yuribey. Reli nzima, juu ya matope yaliyoganda, kwa ajili ya eneo la gesi.

Kwenye LNG baridi inageuka rafiki kabisa. Ili gesi iwe kimiminika lazima ishushwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Hapo ujazo wake unapungua kama mara 600. Mtambo wa Qatar unaanza safari hiyo hewa ya nje ikiwa nyuzi 40 juu. Wa Sabetta, majira ya baridi, unaanza ikiwa nyuzi 25 au 30 chini. Kazi ya kupoza inapungua. Uwezo wa Yamal LNG ulioandikwa kwenye karatasi ni tani milioni 17.4 kwa mwaka, na mara nyingi wanatoa zaidi ya hapo.

Hata meli walizipata. Korea Kusini iliwajengea 15 za daraja la Arc7, kila moja inabeba mita za ujazo 172,600 na kupasua barafu ya unene wa mita 2.1. Ya kwanza ilipewa jina la Christophe de Margerie, bosi wa Total aliyefariki Oktoba 2014 ndege yake ilipogonga mtambo wa kuzoa theluji pale uwanja wa Vnukovo, Moscow. Agosti 2017 meli hiyo ilitoka Norwei hadi Korea Kusini kwa siku 19 kupitia njia ya kaskazini, ile inayofuata pwani ya Urusi, bila meli ya kuivunjia barafu mbele yake.

Mpaka hapo ni ushindi mtupu. Sasa tugeuze ukurasa.

Shtokman, kwenye Bahari ya Barents. Iligunduliwa 1988, karibu mita za ujazo trilioni 4, kilomita kama 600 kutoka pwani. Gazprom, kampuni ya gesi ya serikali ya Urusi, wakaingia na Total ya Ufaransa na Statoil ya Norwei. Mpango ulikuwa kuiuza Marekani ikiwa LNG. Wakiwa bado wanachora michoro, Wamarekani wakajua kutoa gesi kwenye miamba yao ya sheli, soko likafa. Mwaka 2012 mradi ukawekwa kabatini. Barafu haikuhusika sana, mnunuzi aliondoka.

Bovanenkovo. Gesi yake ilipangiwa Ulaya. Septemba 2022 mabomba ya Nord Stream, ya kwenda Ujerumani, yakalipuliwa chini ya Bahari ya Baltiki. Januari 1, 2025 njia ya Ukraine nayo ikafungwa mkataba ulipoisha. Gazprom, kampuni iliyozoea kuhesabu faida tu, ilitangaza hasara ya rubo bilioni 629 kwa mwaka 2023. Visima ni vilevile, gesi ni ileile. Bomba halina usukani: ukishalielekeza magharibi, huwezi kuamka asubuhi ukaligeuza mashariki. Bomba jipya la kwenda China kupitia Mongolia lilisainiwa hati Septemba 2025 bila bei kukubaliwa, na wauza gesi wote mnajua mradi usio na bei ni picha ya ukutani.

Arctic LNG 2, mtambo mwingine wa LNG, ng'ambo ya ghuba ya Ob ukitokea Sabetta. Huu ndio unaoniuma kihandisi. Badala ya kupiga nguzo kwenye matope, walijenga mitambo juu ya majukwaa makubwa ya zege kule Belokamenka karibu na Murmansk, wakaikokota baharini hadi kwenye eneo lake na kuikalisha chini. Jukwaa la kwanza lilifika 2023. Novemba mwaka huohuo Marekani ikauwekea mradi vikwazo. Desemba mtambo ukaanza kutoa gesi. Agosti 2024 meli za kwanza zikapakia. Zikazunguka baharini na mzigo, hakuna aliyekubali kupokea. Uzalishaji ukasimama. Mwaka mzima baadaye, mwishoni mwa Agosti 2025, ndipo mzigo wa kwanza uliposhushwa Beihai, China.

Karibuni. Matusi wekeni kando.

Kijana wa Likong'o

Mkuu umeshusha nondo, nimesoma mara mbili. Ila kuna kitu umekiruka kwa makusudi au kwa bahati mbaya: nani alilipia hiyo Yamal LNG? Maana sisi kila siku tunaambiwa mwekezaji anataka "mazingira rafiki". Huko Urusi mazingira yalikuwa rafiki kiasi gani?

Mpimaji

Rafiki sana, kaka. Mradi uligharimu dola bilioni 27 hivi. Wanahisa ni Novatek, kampuni binafsi ya gesi ya Urusi, asilimia 50.1, Total 20, CNPC ya China 20, na mfuko wa Njia ya Hariri wa China 9.9. Julai 2014 Marekani iliiwekea Novatek vikwazo vya mikopo, benki za Magharibi zikakaa pembeni. China ikajaza pengo: Aprili 2016 benki zake mbili zilitoa mikopo ya takriban dola bilioni 12. Serikali ya Urusi ikaongeza rubo bilioni 150 kutoka mfuko wake wa akiba, ikajenga bandari kwa bajeti yake, ikafuta kodi ya uchimbaji kwa miaka 12 na haikutoza ushuru wa kusafirisha LNG nje.

Sasa jiulize, mwananchi wa Omsk alipata nini. Kazi za ujenzi zilikuwepo, ndiyo. Lakini vipande vikubwa vya mtambo vilifungwa kwenye karakana za Asia, nyingi zikiwa China, vikaletwa kwa meli vikiwa tayari. Sabetta walipanga na kuunganisha.

Kijana wa Likong'o

Haya ndiyo niliyokuwa nayatafuta. Kodi miaka 12 hakuna. Halafu hapa mtu akiuliza vipengele vya mkataba anaitwa mpinga maendeleo.

Jogoo la Shamba

Kwa hiyo mzee unampigia debe Putin kwa mlango wa nyuma?

Mpimaji

Nimeandika aya tatu za miradi yao iliyokwama. Debe gani hilo.

Baharia wa Sur

Asalaam aleikum wote. Mimi nimefanya kazi kwenye meli za LNG kwa miaka, nyingi kutokea Qalhat hapa Oman. Aktiki sijafika, lakini wenzangu wawili tuliosoma nao walikwenda. Naongeza mambo ambayo mtu wa nchi kavu hawezi kuyaona.

La kwanza, hizo Arc7 zinakwenda kinyumenyume. Sisemi utani. Mbele zimechongwa kwa ajili ya maji ya kawaida na barafu nyepesi. Zikikutana na barafu nzito, nahodha anageuza, tezi inatangulia. Chini ya tezi kuna vinu vitatu vya kusukuma vinavyozunguka nyuzi 360, kila kimoja na mota yake ndani. Pangaboi linakwangua barafu kutoka chini na kuvuta maji yaliyoko chini ya barafu, ndipo barafu inakatika kwa uzito wake. Ndiyo maana kuna chumba cha kuongozea chombo kinachotazama nyuma pia. Mwenzangu alisema usiku wa huko (na usiku wao unakaa miezi) kazi yote inafanyika kwa taa kali na rada, na kelele ya barafu kwenye bamba la chuma hailali. Ukijaribu kulala unahisi mtu anaburuta makontena juu ya kichwa chako.

La pili, kuhusu meli zilizozunguka na mzigo bila mnunuzi. Watu wanadhani LNG unaweza kuiegesha kama mafuta ghafi. Haiwezekani, ile ni sawa na kubeba barafu ya samaki juani, hata sanduku liwe zuri vipi. Kila siku kiasi kidogo kinachemka kwenye matangi, mara nyingi kama sehemu moja kwa elfu ya mzigo. Kwenye safari ya kawaida ule mvuke tunauchoma kwenye injini, ndio mafuta yetu. Lakini meli ikisimama au kujikokota miezi mitatu, unachoma mzigo wa tajiri bila kwenda popote. Na usipouchoma presha inapanda. Kwa hiyo Mpimaji anaposema hakuna aliyekubali kupokea, kila wiki iliyopita ilikuwa hela inayopaa kwenye bomba la moshi. Ndiyo maana mizigo mingine waliihamishia kwenye maghala yanayoelea, moja karibu na Murmansk na jingine Kamchatka.

Mpimaji

Sheikh, hii ya maghala ni muhimu na nilisahau kuiweka. Hata hayo maghala yalijengwa kwa kusudi jingine: Arc7 ni ghali, haitakiwi ipoteze muda kwenye bahari isiyo na barafu. Ilipangwa ipeleke mzigo hadi ukingo wa barafu, meli ya kawaida iupokee.

Daktari wa Ng'ombe

Nimeusoma uzi wote nikasubiri nione nani atawataja wenye ardhi. Hakuna. Mnaongelea Yamal utadhani ni jokofu tupu.

Wanenetsi, wenyeji wa huko, wako zaidi ya 40,000, na maelfu yao bado wanahama na mifugo. Mnyama wao ni reindia, yule wa pembe za matawi mnayemwona kwenye kadi za Krismasi. Wanapanda kaskazini na kundi majira ya kuchipua, wanashuka kusini baridi ikikaza, familia nyingine mamia ya kilomita kwenda na mamia kurudi. Njia zile hawakuzichagua kwa ramani, zinafuata majani na upepo unaofukuza mbu. Sasa pitisha katikati reli, barabara na mabomba. Bomba likikaa chini ya kifua cha mnyama, kundi linasimama. Lami nayo inazikwaruza sleji zao na kuwatisha wanyama. Pale Bovanenkovo utaratibu ulioonekana kwenye picha nyingi ni huu: magari yanasimamishwa, vinatandikwa vitambaa vyeupe vya ujenzi kukatiza barabara, ndipo msafara unavuka, mwanamke mbele amekalia sleji yake, reindia nyuma kwa nyuma, madereva wa malori wakisubiri na injini zinanguruma. Mtu akisema "tumewajengea vivuko", avione kwanza vyenyewe.

Na kwa kazi yangu siwezi kuacha kimeta. Kiangazi cha 2016 Yamal ilipata joto la nyuzi 35, jambo ambalo halijazoeleka huko hata kidogo. Udongo ukayeyuka kwenda chini kuliko kawaida. Mlipuko wa kimeta ukatokea, wa kwanza tangu 1941. Reindia zaidi ya 2,000 walikufa, na mtoto wa miaka 12 akafariki. Watu wengi wanaishia kwenye hadithi ya mzoga wa zamani uliofumuka. Lakini chanjo ya reindia ilisitishwa 2007 kwa maelezo kwamba ugonjwa umeisha. Mbegu za kimeta zinakaa udongoni miongo na miongo. Daktari yeyote wa mifugo Ngorongoro anakuambia hivyo bila kufungua kitabu. Kwenye mkoa unaochimba utajiri wote ule, kilichokosekana kilikuwa dozi za chanjo.

Kuna na mvua ya majira ya baridi. Novemba 2013 mvua ilinyesha juu ya theluji kisha ikaganda. Reindia anakula kwa kufukua theluji kwa kwato, gamba la barafu halifukuliki. Walikufa 61,000 kwa njaa, chakula kikiwa chini ya miguu yao.

Mpimaji

Daktari, asante, na endelea kutupa darasa. Ila nikuulize kwa nia njema: wapo Wanenetsi wanaouza nyama na samaki kwa kambi za wafanyakazi, wanaopanda helikopta za kampuni kwenda hospitali. Hawajagawanyika kuhusu gesi?

Daktari wa Ng'ombe

Wamegawanyika kama jamii yoyote. Wapo wanaoajiriwa, wapo walionunua pikipiki za theluji kwa hela ya nyama. Mimi sijasema wote wanapinga. Nimesema hawakuulizwa wakati swali lilikuwa bado na maana.

Mkazi wa Theluji

Hapo kwenye kuulizwa nimeshindwa kunyamaza. Niko Alberta, Kanada, mwaka wa kumi na kitu sasa, nafanya kazi za ukaguzi wa mabomba.

Miaka ya 1970 hapa walitaka kupitisha bomba la gesi kwenye bonde la mto Mackenzie, kutoka Aktiki hadi kusini. Serikali ikamteua jaji Thomas Berger kuchunguza, kuanzia 1974. Yule mzee hakukaa Ottawa. Alikwenda kijiji kwa kijiji, zaidi ya 30, akakaa kwenye kumbi za jumuiya akasikiliza wavuvi, wawindaji na kina mama kwa lugha zao, redio ikirusha. Ripoti yake ya 1977 ikasema: subirini miaka 10, madai ya ardhi ya wenyeji yamalizwe kwanza, na kaskazini ya Yukon bomba lisipite kabisa.

Kinachonichekesha ni mwisho wake. Wenyeji wengi wakapata mikataba yao ya ardhi. Mradi ukarudi miaka ya 2000, safari hii kundi la wenyeji likipewa nafasi ya kumiliki theluthi moja ya bomba. Vibali vikatoka 2011. Desemba 2017 makampuni yakaufuta. Sababu? Gesi ya sheli, ileile iliyoiua Shtokman. Kwa hiyo hapa wenyeji walishinda haki ya kuwa wabia kwenye kitu ambacho soko lilikuwa limeshakizika.

Jirani zetu Alaska wana kituko kikubwa zaidi. Prudhoe Bay, eneo la mafuta kwenye pwani yao ya kaskazini, iligunduliwa 1968. Mafuta yanatoka kwa bomba tangu 1977. Gesi inayotoka pamoja nayo, sehemu ya akiba ya futi za ujazo trilioni 35 hivi ya pwani yote ile ya kaskazini, wanairudisha ardhini kila siku. Inasaidia kusukuma mafuta, kweli, lakini sababu kubwa ni kwamba haina pa kwenda. Mradi wa Alaska LNG unataka bomba la kilomita 1,300 kukatiza jimbo zima hadi Nikiski, pwani ya kusini, gharama iliyotangazwa dola bilioni 44. Trump aliupigia chapuo siku ya kwanza alipoingia tena Januari 2025, na Machi kampuni ya Glenfarne ikachukua asilimia 75. Kila rais wa Marekani ana mwaka wake wa kutangaza lile bomba.

Jogoo la Shamba

Kwa hiyo na Marekani nao wana "mchakato unaendelea"? 😂

Mkazi wa Theluji

Zaidi ya miaka 50 unaendelea, ndugu yangu.

Nyuzi Joto

Naomba kupinga kichwa cha uzi. "Baridi waliiweza." Sawa. Je, joto? Ile teknolojia yote ya nguzo na amonia imejengwa kwa dhana kwamba udongo utabaki umeganda. Mei 29, 2020 karibu na Norilsk, mji wa kaskazini mwa Siberia, tangi la dizeli lilipasuka, zikamwagika tani zipatazo 21,000, mto Ambarnaya ukageuka mwekundu. Kampuni yenyewe ilitaja nguzo kuzama kwa sababu ya udongo kulegea. Wakaguzi wa serikali wakasema na matunzo yalikuwa mabovu. Faini ikawa kama dola bilioni 2. Mwaka 2014 lilionekana shimo kubwa kilomita 30 hivi kutoka Bovanenkovo, la duara, kuta zimesimama wima, na vipimo vya hewa ya ndani vikaonyesha methani. Mengine yakaonekana baadaye. Aktiki inapata joto haraka kuliko sehemu nyingine za dunia. Na nini kinaleta joto? Hiyo hiyo bidhaa mnayoisifia hapa. Wanachimba shimo chini ya kiti wanachokalia.

Mpimaji

Nyuzi Joto, hoja yako ni nzito na sina ugomvi nayo kwenye muda mrefu. Tofauti yetu iko kwenye kalenda. Mtambo unahesabiwa maisha ya miaka 25 au 30. Kwenye muda huo wahandisi wanaweza kuongeza mabomba ya kupoza, kuchimba nguzo ndani zaidi, kukagua. Norilsk ilikuwa tangi la miaka ya 1980 lisiloangaliwa. Arctic LNG 2 ilichagua majukwaa ya zege yanayokaa kwenye sakafu ya ghuba kwa sababu hizo hizo: usitegemee udongo. Lakini hakuna mhandisi anayeweza kuongeza mnunuzi.

Majengo ya kawaida ndiyo yananipa wasiwasi. Shule, hospitali na nyumba za watu hazina bajeti ya Novatek.

Nyuzi Joto

Umekubali bila kukubali. Sawa, tuendelee.

Kijana wa Likong'o

Swali jingine kwa mwenye uzi. Equinor, kampuni ya Norwei iliyo kwenye Kitalu namba 2 cha gesi ya baharini hapa kwetu, nilisikia nao wana mtambo Aktiki?

Mpimaji

Ndio hao hao, zamani wakiitwa Statoil. Mtambo wao unalishwa na eneo la gesi la Snøhvit, kaskazini mwa Norwei. Iligunduliwa 1984, gesi ikaanza kutoka 2007. Juu ya maji hakuna hata jukwaa moja: visima viko chini ya bahari, bomba la kilomita 143 linaleta kila kitu kisiwa cha Melkøya mbele ya mji wa Hammerfest, na kaboni dayoksaidi inatenganishwa na kurudishwa chini. Wanafanya hivyo Aktiki lakini bandari haigandi, mkondo wa maji ya joto kutoka Atlantiki unawalinda. Septemba 2020 mtambo uliungua, ukakaa kimya hadi katikati ya 2022. Yaani wakati Ulaya inalia gesi baada ya vita kuanza, mtambo mkubwa wa LNG wa Ulaya yenyewe ulikuwa unatengenezwa.

Teknolojia ya kuvuta gesi ya bahari kuu hadi nchi kavu bila jukwaa ndiyo inayofikiriwa Lindi, kina kikiwa kirefu zaidi. Kwa hiyo wanaojua kazi wapo. Januari 2021 Equinor hao hao walifuta kwenye vitabu vyao thamani ya dola milioni 982 ya mradi wa Tanzania, wakisema uchumi wake haujakaa sawa. Gesi haikupungua hata futi moja siku ile.

Baharia wa Sur

Na Lindi hamhitaji Arc7. Meli yoyote ya LNG duniani ingeweza kutia nanga pale. Hiyo peke yake ni hela nyingi mno, nyie hamjui tu.

Mkazi wa Theluji

Mpimaji, kabla uzi haujafungwa: Ulaya ikiacha kabisa, Yamal LNG itakuwaje? Maana mpaka sasa mzigo wao mwingi ulikuwa unashushwa Zeebrugge, Ubelgiji, na bandari za Ufaransa.

Mpimaji

Ndiyo hesabu ninayoifuatilia kuliko zote. Umoja wa Ulaya ulipitisha Oktoba 2025 kwamba mikataba ya muda mrefu ya LNG ya Urusi ikome kuanzia Januari 1, 2027, na ya muda mfupi kabla ya hapo. Wengi wanasema "wataipeleka China". Chukua ramani. Sabetta hadi Ubelgiji ni kama wiki moja. Sabetta hadi China kupitia njia ya mashariki inawezekana kiangazi na miezi michache ya vuli tu; baridi ikikaza, lazima uzunguke magharibi, ushuke Suez au hata Rasi ya Tumaini Jema, zaidi ya mwezi kwenda tu. Tangu Machi 2025 kuhamishia mzigo kwenye bandari za Ulaya ili upelekwe nchi nyingine ni marufuku pia.

Meli za barafu walizojengewa Yamal LNG ni zile 15 za Wakorea, na 14 kati yake ni mali ya kampuni za nje ya Urusi zinazotegemea bima na huduma za Magharibi. Safari ikirefuka mara nne, mtambo unapakia mara ngapi kabla matangi ya nchi kavu hayajajaa?

Baharia wa Sur

Matangi yakijaa wanapunguza kasi ya mtambo. Hakuna namna nyingine.

Kijana wa Likong'o

Si wajenge meli nyingine?

Mpimaji

Wakorea walianza kufuta mikataba 2022. Urusi ina karakana ya Zvezda karibu na Vladivostok, inajikongoja. Lakini ngozi ya ndani ya matangi, ile inayozuia mzigo wa nyuzi 162 chini ya sifuri usiguse chuma, ni utaalamu wa kampuni ya Kifaransa, GTT, nayo ilijitoa Urusi Januari 2023.